Butembo–Beni: Mwanafunzi wa uhandisi anapokosa mtu wa kumshikia mire

Kupima kiwanja si kazi ya mtu mmoja. Mmoja anasimama nyuma ya chombo, amefumba jicho moja. Mwingine anasimama mbali, mita hamsini au sitini, ameshika wima ile mbao ndefu yenye namba ambayo wanafunzi wa ujenzi wa Butembo wanaiita mire. Wa tatu anaandika vipimo katika daftari, na wa nne anabeba vigingi na kufukuza watoto wanaokuja kuchungulia. Akikosekana mtu wa kushika mire, chombo cha maelfu ya dola hakina kazi.

Ninaanza hapo kwa sababu ndipo mwenzangu mmoja alipoangukia. Hesabu hazikumshinda, maana katika hesabu alitushinda sote. Alikosa mtu wa kusimama upande wa pili.

Tulikuwa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha Butembo ambacho sitakitaja. Wakati ule bado tulisema G2, kabla ya mfumo wa LMD kuingia. Tulipanga pamoja chumba cha matofali, godoro lake upande wa mlango na langu upande wa dirisha. Yeye ndiye aliyenifungua macho katika lile somo la nguvu za vifaa tunaloliita RDM, ambalo limerudisha vijana wengi nyumbani kuuza maharagwe. Alikuwa mtoto wa kwanza wa kiume kwao. Kwa Wanande kila mtoto anaitwa kwa nafasi aliyozaliwa, na anayeitwa Paluku au Nzanzu anajua tangu utotoni nani anatazamiwa kutangulia, kuleta mke na kuhesabiwa mbuzi za mahari.

Usiku mmoja aliacha simu yake kwenye kibanda cha kuchaji, kwa mwenye jenereta. Mwanafunzi wa promosheni yetu aliifungua. Ndani kulikuwa na ujumbe kati yake na kijana mwingine wa mji mwingine. Yalikuwa maneno ya kawaida ya watu wanaopendana: umekula, umelala, nitakuja lini. Kabla jua halijachomoza picha za maneno hayo zilikuwa zimefika katika kikundi cha WhatsApp cha darasa zima.

Hakupigwa. Ninalisema hilo kwa sababu nikisimulia habari hii watu huuliza kwanza kama alipigwa, na nikijibu hapana wanapumua, kana kwamba habari imeishia hapo. Wenzake watatu wa kikundi cha mazoezi ya topografia walimwendea asistanti wakasema wanahama. Asistanti hakuuliza sababu, au pengine aliijua tayari. Mwenzangu alikwenda uwanjani peke yake. Alimlipa mtoto wa jirani faranga mia tano amshikie mire, na mtoto akaishika imeinama, akiangalia mpira uliokuwa unachezwa chini ya kilima. Poligoni haikufunga. Alipata pointi nne juu ya ishirini. Ulipofika wakati wa staji, kila timu ilisema imekwisha jaa.

Na mimi nilihama chumba. Niliambia watu kwamba ni kwa sababu ya kodi.

Miaka imepita, na nimekuja kuona kwamba uhandisi una ugumu wake wa pekee katika jambo hili. Mwanafunzi wa sheria anaweza kukaa miaka mitano pembeni mwa oditoriumu, akaandika silabusi zake, akafaulu bila kusemezana na mtu. Mwanafunzi wa ujenzi, wa umeme au wa mekanika hawezi. Anajifunza akiwa kwenye timu: kuchanganya beto, kufunga vyuma, kuvuta waya, kufungua mota. Akienda staji mbali na mji analala chumba kimoja na wenzake sita. Na kwenye shantie, maneno yanayowaunganisha watu ni utani wa wanaume juu ya wanawake. Asiyecheka anatazamwa.

Hapa kwetu kuna jambo lingine linaloongeza uzito. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limeishi na mauaji ya ADF. Mwanafunzi anayetumwa kupima mto au kukagua daraja kando ya barabara ya Mbau, au upande wa Ruwenzori, haendi peke yake. Anakwenda na wenzake, na wenzake ndio wanaompigia simu kumwambia leo usipite njia ile. Mtu aliyetengwa na promosheni yake amepoteza rafiki, na amepoteza pia habari za usalama. Sidhani kama wanaomcheka wanalifikiri hilo.

Kazi yenyewe ipo, na inahitaji watu. Barabara ya Kasindi kwenda Beni, kilomita 80, na ile ya Beni kwenda Butembo, kilomita 54, ziliingizwa katika mradi wa Kongo na Uganda uliokabidhiwa kampuni ya Dott Services, na kazi zilizinduliwa Desemba 2021. Kule Mutwanga, chini ya Ruwenzori, maji ya Hifadhi ya Virunga yamezungusha mtambo wa umeme tangu 2013. Butembo ina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben tangu 1989, Beni ina UCBC tangu 2007, na kuna taasisi nyingine za ujenzi na ufundi ambazo kila mwaka zinatoa vijana. Wazazi wanauza kahawa na ng'ombe ili mtoto aitwe injinia. Mmoja wa vijana hao akiacha masomo mwaka wa pili, hasara inafika kwenye familia nzima na kwenye barabara ambayo angeichora.

Je, sheria inasema nini? Hapa kuna giza, na giza hilo linawafaa watu fulani. Wanafunzi wengi wa Butembo na Beni wanaamini kwamba katika Kongo mtu anafungwa kwa kuwa shoga au msagaji. Kitabu cha sheria za makosa ya jinai hakina kifungu kinachosema hivyo juu ya watu wazima wawili waliokubaliana faraghani. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni ya mtu na mwenzake wa jinsia tofauti. Basi ndoa ya jinsia moja haiko, na hakuna anayebishana juu ya hilo. Lakini Katiba hiyohiyo, kifungu cha 31, inalinda maisha ya faragha ya kila mtu na siri ya mawasiliano yake. Ukiisoma pole pole, aliyefungua simu ya mwenzangu kwenye kibanda cha jenereta ndiye aliyekuwa na la kujibu.

Kinachotumiwa mara nyingi ni kifungu cha 176 cha makosa ya jinai, juu ya kuvunja adabu hadharani, chenye adhabu ya siku 8 hadi miaka 3. Ripoti za haki za binadamu juu ya Kongo zimeeleza jinsi kifungu hicho, au hofu tu ya kifungu hicho, inavyotumiwa kumtoa mtu pesa. Mwanafunzi asiyejua sheria analipa, na anayeijua vizuri analipa vilevile kwa sababu anaogopa baba yake kuitwa. Tena, tangu utawala wa kijeshi ulipoanza Kivu ya Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021, kesi za jinai za raia zilihamishiwa mahakama za kijeshi. Ni mwanafunzi gani wa miaka ishirini atakayekwenda huko kusema kwamba mtu amemtisha kwa picha za simu yake?

Wabunge wamejaribu zaidi ya mara moja kuandika sheria ya kuadhibu. Mwaka 2010 alikuwa mbunge Ejiba Yamapia. Mwaka 2013 alikuwa Steve Mbikayi, ambaye baadaye, na wasomaji waliokuwa vyuoni wanalikumbuka jina hilo, alikuja kuwa waziri wa elimu ya juu na vyuo vikuu. Mwaka 2024 alikuwa Constant Mutamba, aliyeteuliwa waziri wa sheria mwaka huohuo. Miswada ile haikufika kuwa sheria, lakini kila mmoja ulileta wiki zake za kelele redioni. Na kila kelele ilipofika kwenye vikundi vya WhatsApp vya wanafunzi, kuna mtu alianza kuhesabu nani darasani hana mchumba.

Ng'ambo ya mpaka hali ni kali zaidi. Vijana wengi wetu wanavuka Kasindi kwenda kusomea uhandisi Uganda, ambako wana ndugu wa Kikonzo na ambako Kiingereza kinaonekana kama ufunguo wa kazi. Tarehe 26 Mei 2023 Rais Museveni alitia sahihi sheria ambayo inafikisha adhabu kwenye kifungo cha maisha, na kwa kile inachokiita kosa lililozidi, kifo. Sheria hiyo ilikuwa hata na kifungu cha wajibu wa kutoa taarifa. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliondoa vifungu vichache, kikiwemo kile cha kulazimisha watu kutoa taarifa na kile cha wenye nyumba, lakini sehemu kubwa ikabaki. Kwa hiyo kijana wa Butembo anayefikiri kwamba Kampala atajificha katika umati anakwenda mahali ambapo sheria yenyewe inamtaja.

Halafu kuna Kanisa, na huwezi kuandika juu ya vyuo vya huku bila kulitaja, maana mengi ya madarasa tunayokaa yalijengwa na makanisa wakati serikali haikuwepo. Mwisho wa Januari 2023, siku chache kabla ya kufika Kinshasa, Papa Francis aliambia waandishi wa habari kwamba kuwa shoga si kosa la jinai, ingawa mafundisho ya Kanisa juu ya dhambi hayakubadilika. Tarehe 18 Desemba mwaka huohuo Vatikani ilitoa waraka unaoitwa Fiducia supplicans, juu ya baraka. Tarehe 11 Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kwa mkono wa Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walijibu kwamba baraka za namna hiyo kwa wapenzi wa jinsia moja hazitatolewa katika makanisa yao. Parokiani watu walisikia jibu la Ambongo. Neno la kwanza la Papa, kwamba asitiwe gerezani, wachache sana walilisikia. Mtu anaweza kushika yote mawili bila kujipinga: akakataa baraka ile, na akakataa vilevile kijana afukuzwe kwenye kikundi cha topografia. Nimewajua mapadre wanaofikiri hivyo. Hawasemi kwa sauti.

Wasichana wana taabu yao ya namna nyingine. Katika promosheni yetu walikuwa watatu. Msichana anayevaa buti, anayepanda mlingoti, anayekata nywele fupi kwa sababu ya kofia ya shantie, anaitwa msagaji hata kama ana mchumba Oicha na tarehe ya harusi imepangwa. Jina hilo linatumiwa kama fimbo ya kuwaondoa wote, wenye kupenda wanawake na wasiopenda. Mmoja wa wale watatu alihamia uchumi. Sijui kama alikuwa hiki au kile, na hainihusu. Ninachojua ni kwamba alikuwa na mkono mzuri wa kuchora kuliko wangu.

Mtu atasema haya ni mambo ya Wazungu tunayoyaleta Butembo. Lakini huko kwao nako darasa la uhandisi halikuwa pepo. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Marekani, Erin Cech na Tom Waidzunas, walitoa utafiti wao juu ya wanafunzi wa uhandisi wanaopenda jinsia moja katika chuo kimoja kikubwa. Waliyoyaandika yangeweza kuandikwa kutoka chumba chetu cha matofali: wanafunzi wanaojifanya wengine, wanaoficha kila dalili, wanaogawanya maisha katika masanduku mawili yasiyokutana, na wanaojiua kwa kazi ili angalau wahitajiwe kwa akili zao. Mwenzangu alifanya hilo la mwisho. Alitufundisha RDM bure, usiku kwa usiku, na mimi nilidhani ni ukarimu tu.

Miaka saba baadaye mtafiti Bryce Hughes alifuatilia wanafunzi 4,162 wa sayansi na uhandisi katika vyuo 78 vya Marekani. Wale wasio wa mapenzi ya kawaida walibaki katika masomo hayo kwa kiasi cha pungufu ya asilimia 7 kuliko wenzao. Huko hakuna ADF na hakuna mzazi aliyeuza ng'ombe wa mwisho, na bado wanaondoka.

Kuna habari nyingine ya huko ambayo inatugusa zaidi kuliko tunavyofikiri. Lynn Conway alikuwa injinia wa kompyuta katika kampuni ya IBM. Alizaliwa akihesabiwa mwanaume, na mwaka 1968 aliposema anataka kuishi kama mwanamke, kampuni ilimfukuza. Alianza upya kwa jina jipya, bila kumwambia mtu. Pamoja na Carver Mead akaandika kitabu kilichotoka mwaka 1980 na kubadilisha namna ya kuchora vile vipande vidogo vya elektroniki, hata wanafunzi wa kawaida wakaweza kuvichora. IBM ilimwomba msamaha mwaka 2020, miaka 52 baadaye. Alikufa mwaka 2024. Katika simu iliyofunguliwa kwenye kile kibanda mlikuwa na vitu viwili ambavyo sikuvifikiria siku ile: madini ya namna ya koltani inayochimbwa Rubaya, huku kwetu Kivu, na elimu iliyotoka kwa mtu ambaye promosheni yetu isingekubali kumshikia mire.

Turudi nyumbani. Sisemi kwamba watu wa Butembo na Beni ni wabaya. Mji huu unajua kutenga, na unajua pia kujirudi. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, zaidi ya watu 2,200 walikufa, na waliopona walirudi na cheti mkononi wakakuta hakuna anayetaka kukaa nao benchi moja. Ilichukua kazi ya watu wa kusaidia roho na akili, ya wauguzi, ya wachungaji, ya waalimu, mtu kwa mtu, kartie kwa kartie, hadi mkono ukapeanwa tena. Najua wasomaji watasema ugonjwa ni jambo moja na hili ni lingine. Ni kweli, ni tofauti. Benchi tupu kando ya mwanafunzi ni ileile.

Mashirika yanayowasikiliza vijana hawa wazi wazi ni machache upande huu. Rainbow Sunrise Mapambazuko, linalojulikana zaidi, lilizaliwa Bukavu, na tangu vita vya mwaka 2025 Bukavu ni mbali kuliko ramani inavyoonyesha. Lakini sehemu kubwa ya kile kilichomwangusha mwenzangu haikuhitaji shirika, wala pesa za mfadhili, wala kubadilisha imani ya mtu. Asistanti angeweza kuunda vikundi mwenyewe kwa kufuata orodha ya majina, na kukataa mtu kuhama bila sababu iliyoandikwa. Kiongozi wa promosheni angeweza kufuta zile picha na kumtoa aliyezituma. Ofisi ya staji ingeweza kumpangia timu, kama inavyompangia mtoto wa mtu mkubwa. Na mwenye chumba kimoja naye angeweza kubaki chumbani.

Nilipomaliza diploma nilifanya kazi kwanza kwenye majengo, kisha nikaingia katika uandishi. Kwa muda mrefu sikumtafuta. Mwaka jana namba nisiyoijua iliniandikia. Alikuwa yeye, katika mji mwingine, si Kongo. Anatengeneza simu na redio, na jioni anawafundisha hesabu watoto wa jirani. Hakutaja chumba wala kikundi. Aliniuliza kama bado nina silabusi yangu ya hidroliki, kwa kuwa yake iliharibika kwa mvua siku aliyoondoka, na anafikiri kujiandikisha tena mahali fulani, mwaka wa kwanza, akiwa na miaka thelathini na zaidi.

Niliitafuta siku mbili. Nusu ya kurasa zina mwandiko wake pembeni, kwa kalamu nyekundu, pale aliposahihisha makosa yangu. Nilimpa dereva wa basi la Kasindi, imefungwa katika mfuko wa plastiki, na namba ya simu ya mtu wa kuipokea.